Kabla Hujamgombeza Zuhura

Katavi,
chumba cha uani, nyuma ya mashine

Kaka yangu Athumani,

Shikamoo. Ipokee kwanza, hata kama umeipokea kwa kununa. Aliyekupa barua hii ni mpwa wako Zuhura, na najua amekupa kwa mkono wa kushoto. Najua pia umekunja uso, kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha mtoto huyo, akiwa bado anatambaa, kwamba mkono wa kushoto haupokei, hautoi wala hauli. Ulikuwa ukimgonga kiganja kwa ncha ya kijiko, taratibu, mpaka akakoma. Nakuomba usimgombeze. Mpe maji, mwambie wifi amwekee chai, halafu wewe kaa kwenye benchi lako la barazani usome mpaka mwisho. Usimwulize kitu kabla hujamaliza. Nimemwahidi kwamba hutamwuliza.

Mama anaendeleaje na magoti yake? Bado anapanda mwenyewe mpaka kwenye migomba, au sasa amekubali kukaa akahudumiwa? Nilisikia kwa mama mmoja muuza viungo, aliyekutana na mtu wa huko kwetu sokoni Morogoro, kwamba njia ya kupandia mlimani ilikatika tena kwa maporomoko na mananasi yakawaozea watu shambani. Sikujua kama na yako yalikuwemo. Ndivyo ninavyopata habari za nyumbani siku hizi, kwa watu wa kando, kama mpangaji aliyehama. Simu yangu hupokei huu ni mwaka wa tatu, na sikulaumu. Hata hivyo ninayotaka kukuambia yasingesemeka kwa simu. Nimejaribu kuyasema peke yangu humu chumbani, nikijifanya nakupigia, na kila mara naishia kwenye salamu.

Shemeji yako Hamisi na mwanetu mdogo Mwanaidi hawajambo. Mimi natembea, nakula, nafua, kwa hiyo nadhani naitwa mzima.

Nianze na uongo wangu, maana hayo mengine yote yametoka humo.

Unakumbuka uliposhuka mlimani ukanikuta nafunga mizigo, tulipokuwa tumepanga Mazimbu. Ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu viti vilikuwa vimeshapakiwa. Ukaniuliza nani ameamua watoto waachishwe shule wakazunguke nchi na mashine za kusaga. Nikakujibu, "Baba yao ameshaamua, Kaka. Mimi ni mke tu, nifanyeje?" Nikainamisha na kichwa, kama mke mtiifu wa kwenye mawaidha. Ukasema, "Kwetu mtoto hahamishwi mpaka mjomba wake aambiwe. Mumeo hajui hilo?" Nikasema analijua, ila watu wa Singida ndivyo walivyo, mtoto ni wa baba na basi. Ukainuka ukaondoka bila kunywa maji.

Hamisi hakuamua kitu. Niliamua mimi. Yeye alitaka aendelee kama zamani, aende peke yake kufunga na kutengeneza mashine vijijini, miezi miwili huko, wiki mbili nyumbani. Nilipomwambia twende wote na watoto nitawafundisha mwenyewe njiani, neno la kwanza lililomtoka ni, "Mjomba wao amesemaje?" Mtu wa Singida, Kaka, ambaye kwao jambo hilo halina mjadala, ndiye aliyekukumbuka. Nikamwambia umekubali, tena umetuombea dua. Alipositasita nikamwambia kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni sisi. Wewe nilikupiga kwa desturi za kwao, yeye nikampiga kwa desturi zetu, na katikati nikapita mimi na watoto.

Ile kanzu aliyokutumia Idi ya mwaka wa kwanza, ukairudisha na kondakta yuleyule, aliikunja akaiweka chini ya kiti cha gari. Alinihoji siku nzima amekukosea nini. Nikamwambia una hasira zako za utu uzima, zitapita. Mpaka leo anaibeba ile kanzu.

Usinielewe vibaya kwamba sikuwa na sababu. Nilikuwa nafundisha kwa kujitolea, unajua, darasa ambalo watoto walikaa wanne kwenye dawati la wawili na waliobaki wakakaa sakafuni. Nilimwona Zuhura mwenyewe, darasa la tatu, akinakili ubaoni habari za Ziwa Tanganyika, akachapwa kwa sababu alisahau nukta. Kuhusu ziwa lenyewe hakuna aliyemwuliza kitu. Nikajisemea wangu hawatasoma nchi yao ubaoni, wataisoma kwa miguu. Mimi ni mtu wa kujua kila kitu, wewe ulikuwa ukinitania hivyo tangu utotoni. Wakati ule nilidhani ni sifa.

Somo la kwanza nililifanyia palepale Mazimbu, siku moja kabla ya safari. Nikawapeleka chuoni nikawaonyesha majengo na makaburi ya wale wapigania uhuru wa Afrika Kusini, nikawahutubia kwamba hawa walifukuzwa kwao wakasoma ugenini, kwa hiyo elimu haina kwao, inamfuata mtu popote. Mwanaidi alikuwa mdogo, alikuwa anaokota mbegu. Zuhura akaniuliza, "Mama, walipofika hapa walikuta shule?" Nikamwambia hapana, walikuta shamba la mkonge, shule wakaijenga. Akafikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo walipopata tu mahali pa kutulia, wakajenga shule." Nikamsifu kwa kufikiri vizuri, nikaendelea na hotuba yangu.

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa mizuri. Sitakuongopea tena, hata kwa kujidhalilisha. Gairo Zuhura alijifunza hesabu za sehemu kwa debe la karanga, robo na nusu, zenye maganda na zilizomenywa, mpaka wakulima wakawa wanamwita awahakikishie kipimo. Kongwa aliandika habari za upepo. Singida bibi yake mzaa baba alimwonyesha ziwa la chumvi akamwambia majina ya ndege wote kwa Kinyaturu, naye akayaandika. Tabora alikaa siku nne na warina asali, akarudi amevimba jicho na anacheka. Kila wilaya ilikuwa na daftari lake. Mwanaidi alijua kusoma kwa maandishi ya mifuko ya sembe. Jioni tulikaa nyuma ya pikapu, turubai limefunguliwa upande mmoja, Hamisi anapangusa grisi mikononi na kuwauliza maswali ya mafumbo. Nilikuwa nawatazama nasema moyoni, Athumani angewaona.

Watendaji wa vijiji walipouliza mbona hawa watoto hawako shule, nilisema tunahama, tuko njiani. Walikubali, kwa sababu tulikuwa njiani kweli.

Nilichokiona na kukipita ni hiki. Kila kijiji, saa nne, kengele ya mapumziko ikigongwa, Zuhura alikuwa anapotea. Ukimtafuta utamkuta kwenye ua wa shule, kwa nje, ameshika miti ya ua. Hachezi na mtu, anatazama tu wanavyochota maji na kugombana. Nilimwuliza mara moja anaangalia nini. Akasema, "Naangalia wanavyojuana." Nikacheka. Nikamsimulia Hamisi kama jambo la kuchekesha, naye hakucheka.

Sasa nifike penyewe.

Unajua mashine ya kusaga ina puli mbili, yale magurudumu ya chuma, na mkanda unaoyazungusha. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kujivunia. Nilikuwa naweka alama ya chaki kwenye puli ndogo, Zuhura anazungusha ile kubwa kwa mkono mara moja, anahesabu ile ndogo imezunguka mara ngapi, halafu anapima zote mbili kwa kamba na kuona kama hesabu inakubaliana. Tulilifanya somo hilo kijiji baada ya kijiji. Na Hamisi alikuwa na sharti lake. Mashine zote tulizokutana nazo zilikuwa za dizeli, haziwaki bila hendeli, kile chuma cha kuzungushia kwa mkono. Basi kabla mtoto hajasogelea mkanda, Hamisi alikuwa anachomoa hendeli na kumpa Zuhura mwenyewe aikalie. "Ukiwa umeikalia wewe, hakuna wa kuiwasha." Hakuwahi kuvunja sharti hilo hata siku moja, hata akiwa na homa, hata akiwa na haraka.

Huku Katavi tulifika kijiji ambacho umeme ulikuwa umeingia karibuni, na mwenye mashine alinunua ya mota ya umeme. Hiyo haina hendeli. Ni swichi ukutani. Siku hiyo umeme ulikatika asubuhi Hamisi akiwa katikati ya kazi. Mkanda alikuwa ameshauvisha, bati la kuufunika alikuwa bado hajalifunga. Ilipofika Adhuhuri akaenda msikitini. Akasema mlangoni, tena akinitazama mimi, "Mtu asiguse kitu mpaka nirudi. Hii siijui bado."

Akaja mwalimu wa shule ya pale, kijana mpole, amebeba ndoo yake ya mahindi. Alipoona umeme haupo akakaa kusubiri. Akamtazama Zuhura akasema, "Huyu binti yuko darasa la ngapi, mama?"

Nikasema, "Darasa lake ni hili unaloliona."

Akatabasamu. Hakuwa na dharau, Kaka, nimelikumbuka tabasamu lile mara nyingi mno, na halikuwa na dharau. Akasema, "Darasa letu la sita lina nafasi. Kama mtakaa, mlete nimpokee mwenyewe."

Mtu mwingine angesema ahsante. Mimi nikahisi nimetukanwa. Nikamwambia, "Mwalimu, katafute mwanafunzi wako bora wa darasa la saba, aje ashindane na huyu." Nikachukua chaki nikaweka alama kwenye puli. Nikamwita Zuhura aje amwonyeshe mwalimu.

Zuhura akasimama akasema, "Mama, Baba amesema tusiguse."

Nikamwambia, "Umeme wenyewe haupo. Utakugusa nini? Zungusha, uhesabu kwa sauti mwalimu asikie."

Akatazama chini, pale alipozoea kuikalia hendeli. Hapakuwa na kitu. Akanitazama mimi. Kisha akaushika mkanda, akavuta puli, akaanza kuhesabu. Alisema "moja." Alisema "mbili."

Umeme ukarudi.

Swichi ilikuwa imeachwa kwenye kuwaka na hakuna aliyeiangalia, mimi sikuwa hata najua ni ipi. Mwalimu ndiye aliyeruka akaizima. Mimi nilisimama na chaki mkononi. Nakuandikia hili kwa sababu nataka ulijue: nilisimama.

Mkono wa kulia. Vidole vitatu vya katikati havipo. Kimebaki gumba na kile cha mwisho, na hicho cha mwisho hakikunji vizuri. Mwalimu alivua shati lake akamfunga nalo. Alimbeba mpaka zahanati, na kutoka hapo gari la mwenye mashine likatupeleka hospitali. Walimhudumia vizuri, Kaka, sina wa kumlaumu huko wala popote. Hamisi alitukuta hospitalini na viatu vya mtu mwingine, alivivaa kwa makosa alipoitwa kutoka msikitini.

Siku ya tatu ndipo Zuhura alipozungumza. Nilikuwa nimelala kichwa kwenye ukingo wa kitanda chake. Akasema, "Mama, sikumaliza. Niliishia mbili." Alikuwa ananiomba radhi. Nilitoka nje nikashika ukuta, na nikatamani ardhi ya mahali pale inimeze. Bado natamani, siku nyingine.

Siku hiyohiyo Hamisi aliniambia, "Nampigia mjomba wake. Yeye ndiye mwenye mtoto, lazima asikie kwetu." Ikabidi nimwambie kwamba hukukubali kamwe. Nikamwambia yote, na ya kanzu. Alisikiliza huku amemshika Zuhura mguu. Hakunipigia kelele. Alikwenda akakaa chini ya ukuta wa hospitali mpaka watu wa zamu wakabadilishana, akarudi akasema, "Utamwandikia mwenyewe. Na utamwandikia ukweli, nitausoma kabla hujaufunga." Ataisoma hii. Tangu siku ile ananiita kwa jina, hajaniita mama Zuhura tena.

Tulipofungua mizigo kutafuta nguo za kumbadilisha nilikuta daftari moja ambalo sikulijua, limefichwa chini ya yale ya wilaya. Lilikuwa daftari la mahudhurio. Amelichora mistari kwa rula, ukurasa mzima, tarehe juu, majina pembeni. Majina yalikuwa ya watoto aliokutana nao siku moja moja, Gairo, Kongwa, Singida, Tabora, wale wa kwenye ua wa shule. Alikuwa anawawekea alama kila asubuhi, yupo, yupo, hayupo, mgonjwa. Miaka mitatu. Nilipekua mpaka mwisho nikitafuta jina lake, sikuliona. Nilimwuliza mbona hajajiandika. Akasema, "Mimi si sijaandikishwa, Mama."

Kaka, nilikuwa nimekiona kila kitu cha nchi hii isipokuwa huyo mtoto.

Sasa tumesimama. Hamisi amekodi chumba hiki na amekataa kuhama tena, anatengeneza mashine za hapa hapa na kurudi jioni. Mwanaidi ameandikishwa darasa la kwanza kwa yule yule mwalimu. Ndiyo maana sikuja mwenyewe kumleta Zuhura, mdogo wake ameanza tu na hana mwingine wa kumpeleka. Hiyo ni sababu ya kweli. Ya pili, nayo ya kweli, ni kwamba sina uso wa kupanda njia ile na kukukuta umesimama barazani.

Zuhura hataki kusoma hapa. Watoto walimwona siku ile akibebwa, na sasa wana jina wanalomwita, sitaliandika. Kwa wiki nyingi hakutoka nje. Nilimwuliza anataka nini, chochote. Akasema, "Nataka kwenda kwa Mjomba. Mjomba yuko kwenye kamati ya shule." Ndivyo anavyokujua, mjomba anayepita nyumba kwa nyumba kuwauliza watu watoto wao wako wapi. Najua ilivyokuaibisha kwamba mtoro wa kwanza alikuwa wa ukoo wako mwenyewe. Jina lake shule ya mjini lilikatwa kwa utoro, na mwalimu mkuu wa huku alinieleza kwamba bila barua ya uhamisho hawezi kupokelewa popote. Itabidi ushuke naye mjini ukaseme nao. Wakikuuliza kosa la nani, nitaje mimi. Usimwache yeye ajieleze. Watamrudisha nyuma, labda darasa la nne na watoto wadogo, na yuko tayari, ameshaniambia atakaa nyuma asiwazibe. Yale madaftari kumi na moja yamo kwenye mfuko wake wa bluu. Waonyeshe. Lile la kumi na mbili, la mahudhurio, usimwombe mpaka akuonyeshe mwenyewe.

Amekuja na yule mama muuza viungo niliyekutajia, aliyekuwa anarudi kwao Gairo. Aliacha kushuka kwao akamfikisha mpaka stendi ya Msamvu na kumpandisha gari la mlimani. Mwombee dua, simjui sana, na amefanya hivyo.

Mambo madogo utakayoyaona. Anaandika kwa kushoto, herufi zinalala lakini zinasomeka, na hachoki kujizoeza. Vifungo vinamshinda. Mwambie Mzee Shabani, fundi cherehani, yule aliyemshonea sare ya kwanza, kwamba ya sasa aiwekee lastiki kiunoni na shingo pana. Baridi ya huko itamwuma kovu, usiku alale na soksi mkononi, anazo mbili. Anaficha mkono ndani ya mtandio na watu wakija anakaa nao mgongoni. Mama asimlilie mbele yake. Najua atalia, Mama ni Mama, ila alie kwenye migomba.

Nisalimie Mama na umwambie mimi ndiye niliyesema uongo, asikie kwako, asiendelee kumlaani mkwe wake. Nisalimie wifi Mariamu, ambaye alinifichia hasira zako mara nyingi kuliko ulivyojua. Msalimie Bibi Tabu wa magimbi, jirani yetu, umwambie Zuhura amerudi na bado anapenda magimbi ya kuchoma. Shemeji yako Hamisi anakuamkia. Ameweka kitu chini kabisa ya mfuko wa bluu, kimefungwa kwenye gazeti. Ni ile kanzu. Safari hii usiirudishe.

Bado moja, nalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kutuma maneno mdomoni mwa mtu.

Tangu atoke hospitali Zuhura hajala na sisi kwenye sinia. Siku ya kwanza tuliporudi nilipakua ubwabwa, tukakaa wote. Alipeleka mkono wa kushoto, ukafika juu ya wali, akaukumbuka, akaurudisha mapajani. Akajichotea kidogo kwenye kisahani cha chai, akaenda kula nyuma ya nyumba, ameelekea ukuta. Imekuwa hivyo kila siku. Hamisi amembembeleza. Mimi nimempigia magoti, mtoto wangu mwenyewe. Anatujibu kwa adabu kabisa, "Mjomba alisema mkono huu hauli."

Sisi hatuwezi kulifuta, Kaka. Ulilisema wewe, na katika watu wazima wote aliowajua, wewe ndiye ambaye hukuwahi kumwambia jambo ambalo si kweli.

Kwa hiyo leo, wifi akishapakua, msimwekee sahani yake. Mwite akae ubavuni kwako, upande wa kulia. Watu wote wakishanawa wakakaa, anza kula wewe, na uanze kwa mkono wa kushoto. Hutazoea, wali utakumwagikia. Mungu anaijua sababu, hatakuandikia dhambi. Tonge moja tu, akiwa anakutazama.

Mdogo wako,
Tausi